Hiyo seva bado iko pale ya nini?

Meneja wetu wa fedha ni kijana mtaratibu, katokea benki, ana miezi mitano tu kwetu. Wiki iliyopita alikuja mezani kwangu na karatasi moja, akaiweka juu ya kibodi bila kusema neno. Ilikuwa hesabu ya umeme wa jengo, chumba kwa chumba, na mstari mmoja kaupaka kalamu ya njano.

"Dada, hiki chumba kidogo cha pale kwenye korido kinakula umeme kuliko ofisi nzima ya mauzo. Kuna nini mle?"

"Seva."

"Si nilisikia kila kitu kimehamia kwenye wingu?"

"Vingi vimehamia."

"Sasa hiyo seva bado iko pale ya nini?"

Kwa asiyejua: seva ni kompyuta inayotunza mifumo ya kampuni nzima, na wingu ni seva za watu wengine, unazilipia na kuzifikia kwa intaneti. Nilimjibu pale pale, jibu la dakika mbili, na lilikuwa jibu bovu. Nilitaja usalama, nikataja kasi, nikaona macho yake yanarudi kwenye ule mstari wa njano. Naandika haya Septemba 2025, tunaandaa bajeti ya 2026, na yeye ndiye mwenye kalamu. Kwa hiyo hapa najibu tena, kwa kirefu, na nyie wenzangu mnaokaa na mameneja wa fedha wa aina hiyo mtanisahihisha.

Kwanza niwaonyeshe chumba chenyewe. Kilikuwa stoo ya vifaa vya usafi kabla sijaajiriwa, na mpaka leo siku ya joto kinanukia dawa ya kusafishia sakafu. Ndani kuna kabati la chuma lenye seva mbili, moja ya 2017 na moja ya 2021, swichi ya mtandao, ruta mbili za kampuni mbili tofauti za intaneti, na chini kabisa betri za UPS, za kushikilia umeme ukikatika, ambazo nazibadilisha kila baada ya miaka mitatu, na kila mara naulizwa kama kweli zimekufa. Viyoyozi ni viwili, vinapokezana. Kwenye kona kuna ndoo ya bluu. Ndoo ilifika Mei 2024, wiki ile kimbunga Hidaya kilipopita Mafia na mvua yake ikatufuata mpaka Dar. Paa lilipata tundu, fundi akaja, tundu likahama sentimita arobaini. Ndoo ikabaki.

Kampuni yetu inasafirisha mizigo na kuitunza ghalani. Makao makuu ni hapa Barabara ya Nyerere, na tuna matawi Mwanza na Tunduma. Mimi ndiye mkuu wa TEHAMA, jina kubwa kwa mtu mwenye kijana mmoja, kompyuta 131 na watumiaji 160. Madereva wananiita Mama Kompyuta. Nilianza kazi hii kwenye intaneti kafe moja Kariakoo, nikiwatoza watu kwa nusu saa, kwa hiyo mabadiliko ya teknolojia nayajua kwa upande wa mtu anayefagia yakishapita.

Na sina ugomvi na wingu. Corona ilipoingia nchini Machi 2020, barua pepe zote nilizihamisha ndani ya wiki mbili, na sijawahi kujuta hata siku moja. Mwaka 2022 nikahamisha mfumo wa uhasibu. Hoja niliyompelekea bosi naikumbuka vizuri kwa sababu niliirudia mbele ya kioo asubuhi nzima: zamani data ilikwenda kukaa Ulaya, sasa ni hapo jirani tu. Ilikuwa kweli. Microsoft walifungua vituo vyao Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town mwaka 2020, na baadaye Google nao wakaja Johannesburg, 2024. Uhasibu wetu ukawa unakaa Afrika Kusini, na ukurasa ulikuwa unafunguka kabla hujameza chai.

Iliyobaki ilikuwa mfumo wa ghala: mzani, mapokezi, kupanga mizigo na kutoa hati za kuondoka. Huo nao niliupangia safari. Ratiba ilikuwa tayari, mtaalamu wa kuhamisha tumeshaelewana naye, tarehe ni Oktoba 2023.

Haukuhama. Nitasema kwa nini baadaye kidogo, maana ndiyo sehemu ambayo huwa naisimulia kwa uongo.

Jumatatu tarehe 13 Mei 2024, saa moja kasoro robo asubuhi, simu ya kwanza ilitoka kwa mhasibu. Uhasibu haufunguki. Ya pili ilitoka kwa katibu wa bosi, barua pepe haziingii. Nikajua ni ruta yetu, nikamwambia kijana azime awashe. Akazima, akawasha. Nikahamia kampuni ya pili ya intaneti, ile ninayoilipia kila mwezi mahususi kwa ajili ya siku kama ile. Nayo ilikuwa inakokota miguu. Hapo ndipo nilipofungua simu na kukuta kwamba Jumapili nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zimekatika upande wa Afrika Kusini, njia ya kuja Msumbiji. Ruta mbili, kampuni mbili, mikataba miwili, na wote kumbe wanateka maji kisima kimoja.

Ungeweza kusema basi tupite kaskazini. Kaskazini nako kulikuwa kugumu. Februari mwaka ule nyaya tatu zilikatika Bahari ya Shamu, na inavyoaminika ni nanga ya Rubymar, meli iliyopigwa na Wahouthi wa Yemen ikaachwa ikielea siku kadhaa huku nanga inaburuzwa chini. Mpaka Mei walikuwa hawajazishona, kwa sababu meli ya mafundi haiendi kutia nanga mahali pa makombora. Kwa hiyo nchi kadhaa za upande wetu tulikuwa tumebanwa kwenye njia chache zilizobaki, na ile ya kusini ndiyo iliyokatika.

Mkae na picha hiyo kidogo. Nilikuwa nimempeleka bosi data yake kwa jirani. Jirani yupo, nyumba yake haina hitilafu yoyote, taa zinawaka. Njia ya kwenda kwake ndiyo iliyoondoka.

Saa mbili kamili nikapiga Mwanza, nimejiandaa kusikia kilio. Akapokea karani wa mzani.

"Kuna shida gani huko?"

"Hamna, dada. WhatsApp tu ndiyo haiendi."

"Mzani?"

"Mzani upo. Magari kumi na moja yameshatoka."

Kumi na moja! Nilimuuliza mara mbili. Mwanza inafika kwenye ile seva ya koridoni kwa mkongo wa nchi kavu, haugusi bahari hata kidogo. Bahari ingekauka, mzani wa Mwanza ungeendelea kuandika. Tunduma vilevile. Siku ile nzima na zilizofuata, wahasibu walikaa wakinywa chai na watu wa mauzo wakarudi kupiga simu kama zamani, lakini malori yalitoka na hati zake, na kwa kampuni ya malori hiyo ndiyo kazi. Bosi alishuka mwenyewe mpaka ofisini kwangu kunipongeza kwa kuona mbali.

Sasa ule uongo. Sikuona mbali. Mfumo wa ghala ulibaki Dar kwa sababu moja tu: mwaka 2023 dola zilikuwa hazipatikani. Malipo ya awali ya kuhama yalikuwa ya dola, benki ikatuambia tusubiri, tukasubiri Agosti, tukasubiri Septemba, yule mtaalamu akapata kazi nyingine, ratiba ikafa kifo chake. Mimi nilinuna mwezi mzima. Miezi saba baadaye napewa mkono kwa busara ambayo iliniangukia kama embe la jirani.

Na msiipigie makofi seva, kwa sababu kuna usiku ilitaka kuniua.

Ulikuwa Desemba, kipindi cha mgao wa umeme wa mwisho wa 2023. Jumamosi usiku, umeme ulikatika, jenereta ikachukua, umeme ukarudi, jenereta ikajizima. Yote sawasawa. Isipokuwa kiyoyozi kilichokuwa zamu usiku ule ni cha aina ambayo umeme ukirudi hakiwaki chenyewe, kinangoja mtu abonyeze rimoti. Na rimoti ilikuwa kwenye droo ya mlinzi, ambaye hakuambiwa kitu. Ujumbe wa joto uliniamsha saa saba usiku. Natoka Kimara mpaka Barabara ya Nyerere kwa gari ya mume wangu nikiwa na kanga juu ya gauni la kulalia. Nafungua mlango, joto linanipiga usoni kama la tanuri la mikate, na zile feni ndogo za seva zinalia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena na sitaki.

Diski mbili zilikuwa zimekufa. Seva ya namna ile inavumilia diski moja kufa, unabadilisha, maisha yanaendelea. Ya pili ikiifuata ni msiba. Nikasema hewala, bakapu ipo.

Bakapu haikuwepo. Diski ya nje ya kuhifadhia nakala ilijaa tangu Agosti, na mfumo ulikuwa unatuma onyo kila usiku bila kuchoka, kwa uaminifu mkubwa, kwenye barua pepe ya kijana aliyeacha kazi Julai. Maonyo zaidi ya mia. Nilikuja kuyasoma yote baadaye, moja baada ya lingine, kama adhabu.

Tuliokolewa na vitu viwili visivyokuwa vyangu. Kimoja ni faili ambalo wahasibu hujinakilia kila mwisho wa mwezi kwa kazi zao, ambalo mimi nilikuwa nawakataza kwa sababu "linajaza nafasi". Kingine ni kaunta buku la mzee wa stoo. Huyu mzee tangu tuingize mfumo mwaka 2017 alikuwa anaandika kila mzigo kwenye mfumo, halafu anaandika tena kwenye kaunta buku, na mimi nikipita huwa namtania. Jumapili ile nilikwenda kwake na uso wa mtu anayekuja kukopa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchukua madaftari?"

Alishasikia. Alikuwa ameyapanga mezani, ya Dar na nakala alizoagiza kwa simu kutoka Mwanza. Siku kumi na tisa za mizigo, tuliziingiza upya kwa mkono, watu sita, mpaka Jumanne usiku. Hakuniambia neno lolote la ziada, na hiyo iliuma kuliko kama angesema.

Tangu hapo nakala zinaenda mahali pawili: diski hapa, na wingu kila usiku. Onyo linakuja kwenye simu yangu, ya kijana mmoja na, kwa sababu sijiamini tena, ya mlinzi wa zamu. Mara nne kwa mwaka, Jumamosi, tunachukua ile nakala ya kwenye wingu na kuirudisha kwenye kompyuta tupu kuona kama inasimama. Mara ya kwanza haikusimama. Nawaambia bila aibu, kwa sababu najua nusu yenu mnaosoma hapa hamjawahi kujaribu.

Kwa hiyo, kaka wa fedha, ukiniuliza wingu au seva, mimi nakuuliza kitu gani kikikatika lori halitoki getini. Hicho ndicho kinabaki ndani ya nchi. Barua pepe ikilala siku mbili watu watapigiana simu. Uhasibu ukilala siku mbili, samahani, lakini dunia inaendelea. Na nakala ikae mbali, kwa sababu chumba changu kina tundu kwenye paa.

Halafu kuna dola, ambayo ni lugha yako kuliko yangu. Mwanzoni mwa 2023 nilikuwa naandika bajeti kwa shilingi 2,300 hivi kwa dola moja. Mwaka 2024 ikapita 2,700. Desemba ya mwaka huohuo ikashuka ghafla mpaka karibu 2,400, bosi akaniuliza kwa nini niliomba nyingi. Mwaka 2025 ikapanda tena, halafu ikashuka tena. Bei ya wingu kwa dola haikubadilika sana muda wote huo, ila kwa shilingi nilionekana mara mzembe mara mwizi. Tangu serikali izuie Machi 2025 kutoza kwa fedha za kigeni humu ndani, wakala wetu ananiletea ankara ya shilingi safi kabisa. Inabadilika kila mwezi. Najua anachofanya, naye anajua kwamba najua. Seva nilinunua mara moja, nikaumia mara moja. Kiyoyozi nakilipia kwa shilingi.

Kitu kingine kinachonikosesha usingizi mwezi huu hakimo kwenye ule mstari wa njano kabisa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wanaacha kuitengenezea Windows 10 viraka vya usalama. Kompyuta hazitazimika, msishtuke, asubuhi ya tarehe 15 zitawaka kama kawaida, na hiyo ndiyo hatari yenyewe kwa sababu hakuna bosi anayetoa pesa kwa kitu kinachowaka. Windows 11 inataka kompyuta iwe na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na kama ina prosesa ya Intel, iwe ya kizazi cha nane kwenda juu, yaani za kuanzia miaka ya 2017 na 2018. Tulipozipima zote 131, zilizofaulu ni 37. Zilizofeli ni 94, na nyingi kati ya hizo hazina ubaya wowote. Nyingine nilizinunua mwenyewe zikiwa zimetumika, kutoka kwa wale jamaa wa Kariakoo wanaoleta makontena kutoka Dubai.

Unaweza kulipia nyongeza ya muda: dola 61 kwa kompyuta kwa mwaka wa kwanza, mwaka wa pili bei inazidishwa mara mbili, wa tatu mara mbili tena. Kwa 94 ni dola 5,734 mwaka wa kwanza. Ukifika mwaka wa tatu kompyuta moja umeilipia dola 427 jumla, na bado ni ileile yenye kitufe cha herufi E kilichofutika. Kwa pesa hiyo Kariakoo napata laptopu nzuri iliyotumika ya kizazi cha nane na chenji ya kununulia begi.

Nilichoamua ni mchanganyiko ambao hautapendeza kwenye slaidi. Kompyuta 40 za mzani, geti na stoo zinahamia Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, kwa sababu pale mtu anafungua kivinjari kimoja tu kutwa nzima. Nyingine 30 nazilipia mwaka mmoja, huu wa dola 61, ili ninunue muda. Zilizobaki 24, za wahasibu na wakuu wa idara, zinabadilishwa sasa. Majaribio ya Linux nilianza na mzee wa stoo, makusudi. Aliangalia kioo, akasogeza kipanya, akaniuliza tu kwa nini picha ya Mlima Kilimanjaro imeondoka. Nikairudisha. Amemaliza wiki ya tatu, hana malalamiko. Anayelalamika ni meneja wa mauzo, ambaye kompyuta yake haijaguswa.

Akili unde, au mnemba, au bandia, maana Kiswahili chenyewe hakijakaa kikao cha mwisho, nitaipitia haraka kwa sababu sina mengi. Bosi alitoka kwenye kifungua kinywa cha hoteli moja Masaki, zile semina za wauzaji zenye croissant, akasema kila mfanyakazi awe nayo. Ile ya Microsoft ya ofisini ilikuja sokoni kwa dola 30 kwa mtu kwa mwezi. Watu 160, miezi kumi na miwili, dola 57,600. Niliandika namba hiyo kwenye karatasi nikamsukumia, na mazungumzo yakawa mafupi. Tumechukua sita, kwa majaribio. Anayeifaidi kweli ni dada wa madai ya bima, anayesoma mikataba mirefu ya Kiingereza kutwa.

Kilichonishtua si bei. Nilimkuta kijana wa mauzo anabandika mkataba mzima wa mteja, na majina, na namba za simu za madereva, na nakala ya kitambulisho, kwenye akaunti yake binafsi ya bure ili imfupishie. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anawahi kikao. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, imeanza kazi Mei 2023, kuna Tume, kampuni zinatakiwa kujisajili, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Sisi tumejisajili. Cheti kipo ukutani mapokezi, kwenye fremu nzuri. Hatua tano kutoka kwenye kile cheti ndipo anapokaa yule kijana. Ndiyo maana zile leseni sita moja nimempa yeye. Nimeona ni heri afanye hivyo ndani ya uzio kuliko nimkataze akafanye kwenye simu yake.

Sasa niseme lile ambalo meneja wa fedha hakuniuliza, na angeniuliza ningebanwa. Udhaifu wa seva yetu si umeme wala joto. Ni kwamba wanaoijua ni watu wawili. Walikuwa watatu. Machi 2025 kijana wangu bora, niliyemfundisha mwenyewe kuanzia kukata waya, alipata kazi kwenye kampuni ya nje, anafanyia nyumbani kwake Tegeta, analipwa kwa dola. Alinitumia ujumbe wa kuaga mrefu wenye heshima zote. Siwezi kumlaumu, ningekuwa na miaka ishirini na saba ningeondoka na mimi. Ila siku mimi nikiugua na yule mwingine akiwa Tunduma, kile chumba ni chuma kinachopiga kelele. Wingu likiharibika kuna watu elfu huko duniani wanaoamshwa. Seva yangu ikiharibika naamshwa mimi. Nimeanza kuandika kila kitu kwenye daftari, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili, kwa mkono, kaunta buku la kwaya tatu. Ndiyo, najua.

Juzi Alhamisi nilimchukua kaka wa fedha tukaenda kukiona. Nilimwambia avue saa, hakuna sababu yoyote ya kuvua saa, nilitaka tu aingie kwa adabu. Akasimama katikati, maana hakuna pengine pa kusimama. Nikamwonyesha taa ya kijani inayopepesa kila lori linapopanda mzani Mwanza. Akaitazama muda mrefu. Nikamweleza kwamba tarehe 6 Septemba 2025 nyaya zimekatika tena Bahari ya Shamu, karibu na Jeddah, na safari hii waliolia zaidi ni Wahindi, Wapakistani na watu wa Ghuba.

Tumekubaliana hivi. Seva ya 2017 inastaafu Januari. Ya 2021 inabaki na mfumo wa ghala mpaka mwisho wa 2027, halafu tunakaa tena. Kiyoyozi kipya kimoja kinachojiwasha chenyewe, vile viwili vya zamani vinauzwa. Mfanyakazi mmoja wa tatu, na hapo alikuna kichwa sana, lakini ameandika. Kalamu ya njano nilimwomba akaiacha mezani kwangu.

Wakati tunatoka alisimama mlangoni, akageuka.

"Na ile ndoo?"

"Paa liko kwenye bajeti ya majengo, kaka, si yangu."

Akaitazama. Ilikuwa na maji kama vidole vitatu, na mvua haikuwa imenyesha tangu Jumatatu.